Hodi ya Saa Saba Mchana

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeapishwa niseme hivyo, na mimi ni kinyozi, mtu wa kuheshimu viapo kama ninavyoheshimu shingo za wateja. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, basi ameona vibaya. Anywe maji, alale.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo, mtaani kwetu Kitopeni, alikaa Bi Salha Mkangara, aliyekuwa msomaji wa taarifa ya habari ya saa saba mchana. Sauti yake ndiyo iliyokuwa saa ya taifa. Akina mama waliepua wali wakiisikia, na hata watu wa Ng'ambo, nchi jirani iliyo upande wa pili wa mto, walitega redio zao kwetu ili wamsikilize yeye. Siku moja akapewa asome kwamba mwaka ule hakukuwa na njaa. Akasoma neno kwa neno, hakuruka hata nukta. Alipomaliza akavuta pumzi, akasema, "Hayo ndiyo niliyopewa nisome." Basi. Hakumtukana mtu, hakucheka, hakulia.

Akapewa Mapumziko ya Heshima. Maana yake asivuke kizingiti cha nyumba yake mpaka atakapoambiwa, kwa kuwa serikali ilikuwa na wasiwasi na afya ya miguu yake. Miaka ikapita, na miguu kweli ikaanza kumuuma kwa kukaa, kwa hiyo huwezi kusema serikali ilidanganya.

Banda langu la kunyolea linatazamana na mlango wake. Ulikuwa mlango wa mninga wenye kitasa cha shaba, na kitasa hicho ndicho kilichotuletea haya yote, ingawa serikali ilitangaza kwamba hakipo.

Lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwetu mgeni hashiki kitasa cha mwenye nyumba. Anasimama kando, anaita hodi. Akijibiwa karibu, anangoja afunguliwe, isipokuwa mwenyewe amemwambia asukume. Akiita mara tatu pakawa kimya, anageuka na kurudi alikotoka bila kinyongo. Iko aina moja tu ya watu wanaoshika vitasa vya wenzao bila hodi, na hao hulipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Asubuhi moja wakaja mafundi wawili wenye ovaroli mpya, bado zina mikunjo ya dukani, na glavu nene mpaka viwikoni. Walisema wanatoka Shirika la Vitasa la Taifa. Sikuwahi kulisikia shirika hilo, lakini na mimi nina mangapi ambayo sijayasikia? Wakachovya brashi ndogo kwenye kichupa, wakakipaka kitasa kwa upole kama mama anavyompaka mtoto mafuta.

"Mnapaka nini, wakubwa?" nikauliza.

"Dawa ya kutu."

"Kwani shaba nayo hushika kutu?"

"Wewe nyoa," mmoja akasema. Nikanyoa.

Baadaye sana ndipo tulipoelewa kosa la mpango ule. Bwana aliyeupanga alikuwa amesomea nchi za mbali, ambako kila mtu anatoka kwake asubuhi na jioni anarudi kufungua mlango wake mwenyewe. Akasahau kwamba mtu uliyemkataza kutoka hana namna ya kurudi nyumbani. Bi Salha alikuwa hajakigusa kitasa kile cha nje kwa miaka. Bwana huyo alipandishwa cheo, kwa sababu kosa lilikuwa dogo na ramani zake zilichorwa kwa rangi nzuri.

*

Aliyekuja kukishika ni Shaweji Mindu.

Shaweji alikuwa afisa itifaki wa Wizara ya Mambo ya Nje na Ujirani Mwema, mtoto pekee wa Bi Tatu, muuza uji wa mtaa wa pili. Kazi yake ilikuwa kuwatangulia wageni wakubwa na kuwafungulia milango. Alikuwa na suti moja, na aliipiga pasi kila siku kana kwamba ni mbili. Siku ile nilimnyoa mimi. Akajitazama kwenye kioo, akaniuliza kama kawaida yake, "Nimependeza, fundi?"

"Umependeza kama unakwenda kuposa."

"Nakwenda kwa Bi Salha, hapo mbele. Balozi wa Ng'ambo ameomba kumsalimia, anasema alimsikiliza tangu utotoni. Mama kaniambia na mimi nimfikishie salamu zake."

Niseme tu, nilimpenda yule kijana.

Walifika saa saba, redio yangu ikiwa ndiyo kwanza inalia ile milio ya kuanza habari. Balozi Mpeli Ngasa alisimama kando ya mlango kama mtu aliyelelewa. Nikawasikia wakiita hodi. Jibu la ndani sikulisikia, maana mashine yangu ilikuwa inanguruma kichwani mwa mteja. Nilichoona ni Shaweji anasogea mbele ya mgeni wake, anashika kitasa, anasukuma, halafu anampa Balozi mkono ule ule na kumwambia, "Karibu, Mheshimiwa." Balozi akaingia. Shaweji akabaki nje, kwa adabu ya kazi yake, akaketi kizingitini.

Muda si muda nikamwona anajifuta jasho, na jasho haliishi. Nikavuka barabara na taulo langu mkononi. Mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Fundi," akasema, "mbona mchana umeingia giza?"

Nikamfuta mate. Akawa anatafuta hewa na hewa imejaa tele barabara nzima. Akanishika kanzu. "Mama asiambiwe kwanza," akasema, na hakusema tena. Bandani kwangu redio ilikuwa imefika kwenye hali ya hewa, na msomaji mpya alikuwa akitutangazia anga jeupe nchi nzima.

Balozi alipona, ila mkono wake wa kulia ulibaki unatetemeka. Mimi nilishika taulo tu, na tangu siku hiyo kidole changu kimoja kinacheza chenyewe. Nilikwenda hospitali ya serikali, wakanipima, wakaniambia ni furaha.

*

Waziri wetu, Mheshimiwa Dokta Farjala Kidawa, alitoa taarifa tatu. Asubuhi alisema hakuna mtu aliyekufa Kitopeni. Mchana alisema mtu aliyekufa Kitopeni hakufa kwa sumu. Jioni alisema sumu iliyomuua mtu ambaye hakufa kwa sumu si ya kwetu, bali iliingia nchini ndani ya kiganja cha Balozi wa Ng'ambo, bila kulipiwa ushuru.

"Ndugu wanahabari," alisema, akiwa amevaa glavu nyeupe za arusi, "sumu ni jambo la sayansi, na sayansi iko chini ya wizara nyingine. Mimi ninachoweza kuwathibitishia ni kwamba nyumba ile haina kitasa."

Hapo alisema kweli. Watu wa ovaroli walikuwa wamekuja tena wakakibandua, na mlangoni palibaki tundu la kupitisha ngumi. Waziri akaongeza kwamba yeyote atakayebainika kumwongoza marehemu kwenye kitasa hicho kisichokuwapo, kwa tendo au kwa neno, atanyongwa.

Ng'ambo wakakasirika. Wakataka uchunguzi wa pamoja, wakatuma wataalamu wao na masanduku ya vyombo mpaka darajani. Waziri hakuwakatalia, kwa kuwa kukataa kungekuwa uhasama. Alisema sisi ni watu wa mila, na wageni wapige hodi kama inavyotakiwa. Kisha kikosi kizima cha mpakani kikaamriwa kinyamaze. Wataalamu wakasimama kwenye daraja, wakaita hodi. Kimya. Wakaita tena. Chura mmoja akajibu, na nasikia chura huyo alitafutwa. Walipoita mara ya tatu pasipo jibu, Waziri akatangaza kwamba kwa mujibu wa utamaduni wetu mgeni wa namna hiyo hurudi alikotoka. Ng'ambo wakatushtaki kwenye baraza la mataifa, na mjumbe wetu akatoa hotuba juu ya kuenzi mila za mababu, akapigiwa makofi ukumbi mzima.

Jirani zetu nao si malaika. Waliposhindwa kuingia wakatoa hoja nyingine: mkono uliomsalimu Balozi umegusana na mwili wa kibalozi, kwa hiyo mkono huo ni sehemu ya ubalozi, na ubalozi ni ardhi ya Ng'ambo. Wakaudai mkono. Shaweji alikuwa kwenye jokofu la hospitali kuu, na hakuna aliyezungumza habari za kumzika. Wizara yetu ikakaa vikao, ikakubali kwamba mkono uende, mwili ubaki. Hapo ndipo ugomvi ulipowaka moto, maana ilibidi ijulikane mkono unaishia wapi. Ng'ambo wakasema begani. Sisi tukasema kwenye kifundo. Ikaundwa Tume ya Mipaka ya Mkono, wakaletwa wapima ardhi, na gazeti la serikali likaandika kwamba hatutatoa hata inchi moja ya kiwiko chetu.

Bi Tatu akaenda wizarani kwa miguu na kanga zake mbili. Wakamwambia asubiri mpaka mipaka ichorwe.

"Mnamgawana mwanangu kama kuku wa sinia?" akasema. "Nilimzaa mzima. Nitamzika mzima."

Wakampa kiti. Alikikataa, akakaa sakafuni, na akawa anarudi kukaa pale kila siku.

*

Hodi ilianza wiki ile ile ya kifo.

Mnaposikia habari za mizimu mnadhani usiku, popo na mbwa wanaobweka. Hii ilikuja mchana kweupe, jua la utosi, wakati hata kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo. Redio ikilia ile milio ya saa saba, mlangoni kwa Bi Salha sauti ikaita, "Hodi." Sauti ya upole, ya mtu anayeogopa kusumbua. Nikatazama. Barabara ilikuwa tupu, na mlango ulikuwa na tundu lake.

"Hodi, mama."

Wembe ukaniponyoka. Mteja wangu, dereva wa lori, mwanamume wa maneno mengi, akaondoka na nusu ya ndevu na hakurudi kudai nusu ya pili. Nani asiyejua kwamba ukiitwa na usiyemwona hupaswi kujibu? Mtaa mzima tulisikia, mtaa mzima tukafumba midomo. Iliita mara tatu, ikanyamaza. Kesho yake saa saba ikarudi.

Nilikuwa na mazoea ya kumpelekea Bi Salha chakula dirishani. Siku hiyo alikuwa ameketi na kitambaa kichwani, redio kaizima.

"Unaisikia?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Kwani mimi kiziwi?"

"Usije ukaijibu, dada."

"Nilishaijibu," akasema. "Siku ile. Walipiga hodi wawili, Balozi na yule mtoto, kila mmoja na hodi yake. Nikaitika karibu. Mguu ulikuwa umekaza, nikaona nitawachelewesha juani, nikasema, sukuma tu, mwanangu, mlango u wazi." Akasukuma sahani pembeni. "Karibu yangu ya kwanza ilimuua. Unataka niseme ya pili?"

Nilikuwa nikijua adhabu iliyotangazwa kwa mtu aliyemwongoza Shaweji kwenye kitasa, hata kwa neno, na yeye alikuwa akiijua.

"Hayo usimwambie mtu," nikasema.

"Namwambia nani? Mimi niko mapumzikoni."

Siku zilizofuata hodi ikaanza kutembea. Mfagizi wa wizarani aliniapia kwamba saa saba hiyo hiyo iliitwa nyuma ya mlango wa Waziri, na Waziri akaingia chini ya meza akiwa na glavu zake. Sumu haikuwapo, hilo lilishatangazwa, lakini hakuna kiongozi nchi nzima aliyeshika kitasa tena. Ikaanzishwa kada mpya ya Wafungua Milango Waandamizi, na wote waliopewa kazi hiyo wakaugua kabla ya kuripoti. Bungeni upepo ulifunga mlango mkuu, waheshimiwa wakiwa ndani, na kwa kuwa kila mmoja alimngoja mwenzake aufungue, walikaa humo wakipitisha miswada mpaka wakaishiwa na miswada. Waliokolewa na mama aliyekuja kukusanya chupa tupu za soda.

*

Mwisho Ng'ambo na sisi tukapatana. Msimu wa pamba ulikaribia, daraja lilihitajika, na mataifa mawili hayawezi kugombana milele kwa ajili ya mtoto wa muuza uji. Ripoti ya pamoja ikaandikwa bila kufanywa uchunguzi wa pamoja, jambo lililookoa muda. Ilisema marehemu alishika kitasa cha watu bila kupiga hodi, na chanzo cha kifo chake ni utovu wa adabu. Ng'ambo hawakulaumiwa, sisi hatukulaumiwa. Sumu yenyewe ilisifiwa kwa kutohusika.

Kilichobaki ni wananchi kuamini. Waziri akaenda kwa Bi Tatu na wapiga picha, akamwambia atapewa mwili wa mwanawe, mkono wake ukiwemo, iwapo atasema mbele ya kamera kwamba hakumfunza mtoto kupiga hodi.

Bi Tatu alikuwa akikoroga uji. Hakuuacha mwiko.

"Mheshimiwa, nilizaa mmoja," akasema. "Baba yake alikufa mtoto hajaota meno. Sikuwa na shamba la kumwachia, sikuwa na nyumba. Nilikuwa na adabu, nikampa hiyo. Na wewe unataka niseme hata hiyo sikumpa?"

"Fikiria mwili wa mwanao, mama."

"Naufikiria. Ninyi ndio mnaoufikiria vipande vipande."

Picha hazikutoka. Basi wakamkumbuka mtu mmoja ambaye nchi nzima, akisema jambo, huliamini.

Walikuja Kitopeni magari manne. Walipofika mlangoni kwa Bi Salha wakasimama wakitazamana, maana mlango ulitakiwa kusukumwa na mtu kwa mkono. Msaidizi mmoja akaniona bandani.

"We kinyozi! Njoo usukume. Wewe kidole chako kimeshaharibika."

Nikaita hodi, nikaitikiwa, nikasukuma, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuugusa kuurudisha, nikabaki nimeushikilia muda wote.

Waziri alizungumza kama mtu anayemsomea mgonjwa. Bi Salha angesoma ripoti redioni, taarifa ya saa saba, kiti chake kile kile. Akimaliza, Mapumziko ya Heshima yamekwisha, akitaka kwenda sokoni aende, akitaka kwenda pwani aende. Asiposoma, wapelelezi wangeanza kujiuliza upya ni nani aliyekuwa ndani siku ile na alisema nini.

Bi Salha aliusugua mguu wake. "Na mtoto wa Bi Tatu?"

"Ukishasoma, tutaona."

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi sauti yangu haisomi kifo cha mtu ambaye hajazikwa, itakwama. Mzikeni kwanza. Mzima, asipungue kucha. Akizikwa asubuhi, mimi saa saba nitasoma kila neno mtakaloniandikia. Mnanijua, sirukagi nukta."

Waziri akatabasamu. Alikuwa hakumbuki, au alikuwa hajaambiwa, kwamba mwanamke huyu hakuwahi kuruka nukta hata siku ile aliyofungwa.

Walipoondoka nikamwuliza, "Dada, utasema kweli kwamba mtoto yule hakuwa na adabu?"

"Nitasoma," akasema. "Niletee maji ya kunawa. Na unisaidie kutafuta viatu, sijui niliviweka wapi viatu vya kutokea."

Tulivikuta chini ya kabati, vimeota ukungu. Nikavipiga rangi. Nilitaka kumwambia asiende, lakini aliponyoosha mguu avae alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kulipa deni, nikamshikia kiatu.

*

Tulimzika Shaweji asubuhi, na sote tuliomtelemsha kaburini tulihakikisha mikono yote miwili ipo. Balozi Ngasa alikuja, akasimama nyuma. Alipotaka kutupa udongo mkono ulimtetemeka mpaka udongo wote ukamwangukia viatuni, akalia mbele za watu, na hakuna aliyemcheka. Niliwahi kuwachukia watu wa Ng'ambo wote kwa jumla. Siku ile nilimpunguza mmoja.

Saa saba tulikuwa msibani kwa Bi Tatu. Wanaume tulikaa nje chini ya turubai, na mimi nikaiweka redio yangu karibu na mlango ili wanawake wasikie ndani. Bi Tatu alikuwa mkekani, kikombe cha kahawa mkononi, hanywi. Milio ikalia.

"Hii ni taarifa ya habari. Msomaji ni Salha Mkangara."

Miaka yote ile, na sauti ilikuwa haijachakaa hata kidogo. Mzee mmoja alivua kofia. Barabarani magari yalisimama. Akasoma ripoti kwa utulivu wake wa zamani. Akasoma kwamba marehemu Shaweji Mindu, kwa hiari yake na bila kupiga hodi, alishika kitasa cha watu. Akasoma kwamba chanzo cha kifo ni utovu wa adabu. Ndani nikasikia mama mmoja akimshika Bi Tatu na kumwambia, vumilia. Akasoma shukrani za mataifa mawili. Halafu akavuta pumzi, na mimi nikajua.

"Hayo ndiyo niliyopewa nisome," akasema. "Na haya ndiyo niliyoyasikia. Shaweji Mindu alipiga hodi. Nilimwitikia karibu. Miguu yangu ilikuwa inaniuma, nikamwambia asukume. Kitasa kilikuwa kimepakwa sumu niliyowekewa mimi. Bi Tatu, mwanao alikuwa na adabu. Ulimfunza ukamaliza. Aliyemwambia ashike ni mimi."

Fundi wa mitambo, tuliambiwa baadaye, aliamriwa aizime redio. Lakini swichi ilikuwa chumba cha pili, chumba cha pili kilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na kitasa. Yeye na wakubwa sita walisimama mbele ya kitasa hicho, kila mmoja akimpisha mwenzake.

Kwa hiyo nchi nzima tukasikia kimya cha studio, kile kimya chenye uzito. Na ndani ya kimya hicho, mbali kidogo na kipaza sauti, mtu akaita.

"Hodi."

Tulikuwa tumetoka kumfukia. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha zangu.

"Hodi, mama."

Kikombe kilimponyoka Bi Tatu, kahawa ikamwagika mkekani. "Huyo ni Shaweji," akasema. Hakupiga kelele. Alilisema kama mama anavyosema mtoto karudi shule.

Redioni kiti kikaburuzwa.

"Karibu, mwanangu," Bi Salha akasema. "Usishike kitasa. Ngoja hapo hapo. Nakuja kukufungulia mwenyewe."

Tukasikia hatua zake, viatu vile nilivyovipiga rangi, mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukifuata taratibu. Safari hii hakuogopa kumchelewesha mgeni. Tukasikia bawaba. Kisha wakapiga muziki wa bendi ya jeshi, wakaupiga mpaka usiku.

*

Bi Salha hajaonekana tena. Serikali inasema alitoka studio kwa hiari yake, akiwa na afya njema ya miguu. Ng'ambo wametaka uchunguzi wa pamoja, na wataalamu wao wako darajani na masanduku yao, wanapiga hodi, na sisi tumenyamaza kwa kuenzi mila.

Mtaani kwetu ile hodi ya saa saba haijarudi. Bi Tatu anauza uji wake, na kila mchana saa ikifika huweka kikombe kimoja kando, hakiuzi. Mlango wa Bi Salha umepigiliwa misumari, ila lile tundu hawakuliziba, na watoto wanapita upande wangu wa barabara.

Wapo wanaonong'ona kwamba sauti ile redioni haikuwa ya marehemu, ni askari waliokuja kumkamata. Huo ni uzushi, na mimi kama raia mwema naukanusha. Askari wetu tunawajua. Hawapigi hodi.